Namba moja ya Google haiuzwi: duka dogo la Tanga linaonekanaje mtandaoni?

Ujumbe wenyewe huja kwa WhatsApp, mara nyingi asubuhi, na umejaa herufi kubwa: TUTAIWEKA BIASHARA YAKO NAMBA MOJA GOOGLE NDANI YA SIKU 7. Lipa nusu sasa, nusu kazi ikiisha. Katika kipindi kifupi nimeonyeshwa ujumbe wa aina hiyo na watu watatu hapa Tanga: mwenye nyumba ya wageni Raskazone, fundi makabati wa Chumbageni, na mama mmoja mwenye duka la viungo vya chakula Ngamiani. Wawili waliniuliza kama ni kweli. Mama wa viungo hakuuliza hivyo, kwa kuwa alikwishalipa laki tatu. Yeye alitaka kujua mbona siku saba zimepita, zikapita nyingine, na simu ya duka haijaita.

Nimeona nilieleze jambo hili tangu chini kabisa, maana watu wanapoteza fedha kwa kitu ambacho ukikielewa hakina uchawi wowote ndani yake.

Tuanze na majina. Tovuti ni kurasa zako za mtandaoni zilizokusanywa chini ya anwani moja, tuseme ile inayoishia na .co.tz. Injini ya utafutaji ni programu kubwa inayopokea swali la mtu na kumrudishia orodha ya kurasa zinazoweza kumjibu. Google ndiyo iliyozoeleka zaidi kwetu. Bing nayo ipo, na misingi yao haitofautiani sana. Halafu kuna zile herufi tatu zinazotajwa kila mahali siku hizi, SEO. Maana yake ni kazi ya kuiweka tovuti katika hali ambayo injini ya utafutaji inaweza kuifikia, kuielewa, na kuona inafaa kupendekezwa kwa mtu mwenye swali fulani. Ni kazi kama kupaka rangi duka na kuandika kibao. Tangazo la kulipia ni jambo jingine kabisa, nitalifikia.

Dereva wa bajaji wa Kange

Chukua mgeni aliyeteremka stendi ya Kange saa moja usiku. Basi limechelewa, mji haujui. Anamwendea dereva wa bajaji: "Kaka, natafuta pa kulala, pasiwe ghali, karibu na bahari." Dereva hawezi wakati ule kuanza kuzunguka Tanga nzima kukagua vyumba. Anajibu kwa anachokijua tayari: mitaa aliyokwishapita, vibao alivyovisoma, abiria aliowahi kuwapeleka, sifa alizozisikia kijiweni. Kwa dakika moja ameshachagua sehemu mbili tatu, na ameanza kuitaja ile anayoona itamfaa zaidi huyu aliyesimama mbele yake.

Google hufanya mambo hayohayo matatu, na kwa mpangilio uleule.

Kwanza hupita. Ina programu zinazotembea mtandaoni usiku na mchana, watu huziita roboti au buibui, zikiingia ukurasa huu na kutokea ukurasa ule kwa kufuata viungo. Nikisema kiungo hapa sina maana ya hiliki na mdalasini. Nasema yale maneno unayoyabofya yakakupeleka ukurasa mwingine. Ukurasa ambao hakuna kiungo chochote kinachoelekea kwake ni sawa na nyumba iliyo ndani ya shamba la mkonge bila njia. Dereva hajawahi kupita, basi hawezi kuitaja.

Pili huweka kumbukumbu. Kile roboti alichokisoma huandikwa kwenye faharasa, na faharasa hii ni kama ile ya mwisho wa kitabu inayokwambia neno fulani liko kurasa zipi, ila hii ni kubwa mno. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui: unapoandika swali, Google haiendi mtandaoni kukutafutia muda ule. Inafungua faharasa yake. Tovuti yako isipokuwa ndani ya faharasa, kwa Google haipo, hata kama imependeza vipi na hata kama mwenyewe unaifungua kila siku kwenye simu yako.

Tatu hupanga. Kati ya kurasa zilizomo, ipi itangulie? Hapo huangaliwa mambo mengi, na orodha kamili ya mambo hayo Google haiitoi. Lakini makubwa yanajulikana: ukurasa unalijibu swali lenyewe? Unaaminika? Unafunguka vizuri kwenye simu? Mtu anayeuliza yuko wapi?

Ukiyatenga mambo haya matatu kichwani, umeshatoka kwenye mkanganyiko. Kila mtu akija na dawa yake, muulize: hii inatibu kupitwa, kuwekwa kwenye faharasa, au kupangwa? Asiyeweza kujibu swali hilo hajui anachokuuzia.

Mchana mmoja Ngamiani

Nilikwenda dukani kwa yule mama baada ya Adhuhuri, wakati wateja wamepungua. Tulikaa nyuma ya kaunta, magunia ya pilipili manga upande huu, ndoo za bizari upande ule, tukawa tunapokezana simu yake.

Jambo la kwanza nililomfanyia unaweza kulifanya sasa hivi. Fungua Google, andika neno site, weka nukta mbili, kisha bila kuacha nafasi andika anwani ya tovuti yako. Google itakuonyesha kurasa zako ilizonazo. Hesabu yake si kamili sana, lakini inatosha kujua kama umo au humo.

Yeye hakuwemo. Hata ukurasa mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo.

Sababu tuliipata kwa dakika kumi. Tovuti yake imetengenezwa kwa WordPress, programu inayotumika kwenye tovuti nyingi ndogo, na katika mipangilio yake kuna kisanduku cha tiki kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hiyo. Ukikitia tiki, kila ukurasa unabandikwa amri fupi ya siri, noindex, ambayo mgeni haioni lakini roboti anaisoma na kuitii. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi, na ni busara, kwani hakuna anayetaka wageni waingie nyumba ambayo haijaezekwa. Kosa ni kusahau kuitoa siku ya kukabidhi. Miezi kumi na minne ile tiki ilikuwa palepale. Mama alikuwa amelipia anwani, amelipia nafasi ya kuhifadhia tovuti, amelipia fundi, na mlangoni kuna kibao kinachosema msiingie.

Sasa zile laki tatu zilikwenda wapi? Alinionyesha ushahidi aliotumiwa: picha ya skrini, jina la duka lake likiwa juu kabisa ya matokeo. Alikuwa mwenye furaha siku ile, na sikupenda kuwa mimi ndiye wa kumwonyesha lile neno dogo pembeni, la kuonyesha kwamba hilo ni tangazo la kulipia. Jamaa alichukua sehemu ya fedha, akanunua tangazo la siku chache, akapiga picha, akatoweka. Tangazo lilipoisha, duka likarudi lilikokuwa.

Kwa hiyo tuliweke wazi. Matokeo ya utafutaji yana sehemu mbili: matangazo, ambayo hulipiwa na huwekwa alama, na matokeo ya kawaida, ambayo hayalipiwi. Kulipia tangazo hakukupandishi hata hatua moja katika matokeo ya kawaida. Google imeandika hivyo yenyewe, na katika ushauri wake kwa wenye tovuti imeandika pia kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia namba moja. Anayekuhakikishia ama hajui au anakudanganya, na katika yote mawili fedha ni zako.

Sisemi matangazo ni mabaya. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka kujaza vyumba sikukuu ya Idd anaweza kuyalipia na yakamlipa. Ajue tu anachonunua ni mwanga wa jenereta la kukodi: siku ya kulirudisha, giza linarudi nalo.

Tovuti iliyonyamaza

Tulipoitoa ile tiki, mama alidhani kazi imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, kwa sababu sasa roboti angeingia, na ndani angekuta karibu hakuna kitu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa picha moja kubwa, bango aliloandaliwa na mpiga chapa: majina ya viungo, namba ya simu, saa za kufungua, vyote vimo ndani ya picha. Kwa macho yangu na yako hayo ni maandishi. Kwa injini ya utafutaji ni picha, na usitegemee kwamba itakaa chini kuichambua neno kwa neno. Kuna njia rahisi ya kujipima. Gandamiza kidole juu ya neno mojawapo kama unavyofanya ukitaka kunakili ujumbe. Kwenye simu nyingi, neno likikataa kushikika, hayo si maandishi. Bango libaki, linapendeza, lakini kila kilichomo kiandikwe pia chini yake kwa maneno ya kawaida.

Kichwa cha ukurasa, yaani yale maneno yanayotokea kama mstari mkubwa wa kubofya kwenye Google, kilikuwa neno moja: Mwanzo. Na maandishi pekee yaliyokuwepo yalisema, "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora na huduma bora kwa wateja." Sentensi hiyo ungeweza kuihamishia duka la matairi Mwanza na usibadilishe herufi. Haitaji Tanga. Haitaji hiliki. Dereva wetu wa bajaji akisoma kibao kilichoandikwa "Huduma Bora" anajuaje kama humo ndani kuna vyumba, chakula au saluni?

"Mwanangu," mama akaniambia, "kizuri chajiuza. Watu wa Tanga wote wanaijua bizari yangu."

"Chajiuza kwa aliyekionja, mama. Huyu wa Dar hajakionja, na Google haina ulimi."

Nikamwomba daftari, nikamuuliza kitu kimoja: mtu akiingia hapa, au akipiga simu, neno lake la kwanza huwa lipi? Hakuhitaji kufikiri. Hiliki kilo shilingi ngapi leo. Mdalasini wa magome mnao, au wa unga tu. Pilipili manga hii ya Amani au ya wapi. Mnatuma Dar kwa basi, na mzigo unafika siku gani. Bizari ya pilau isiyochanganywa nitaijuaje. Kwa kilo tano unanipunguzia kiasi gani. Aliendelea mpaka ukurasa wa daftari ukajaa, mengine akiyaigiza na sauti za wateja.

Daftari lile ndilo tovuti. Kazi yote ya maudhui imo humo. Mtu anayetafuta mtandaoni anaandika vilevile anavyouliza kaunta, tena kwa maneno machache zaidi: hiliki jumla Tanga, mdalasini wa magome bei, bizari ya pilau. Haandiki "bidhaa zenye ubora wa hali ya juu". Ukurasa unaoeleza kwamba mdalasini huu ni wa magome, umetoka vilima vya Amani huko Muheza, unauzwa kuanzia robo kilo, bei yake tarehe fulani ilikuwa kiasi fulani, na unatumwa Dar kwa basi la asubuhi, ukurasa huo unaweza kulijibu swali la mtu. Na wewe huhitaji kuandika kama msomi. Unahitaji kuandika kama unavyomjibu mteja anayekuheshimu.

Kile kichwa cha Mwanzo tukakibadilisha kiwe: Viungo vya jumla na rejareja Tanga, hiliki, mdalasini na pilipili manga. Kila ukurasa ukapewa kichwa chake chenyewe kinachosema ulicho nacho, si vyote jina moja.

Hapa huzuka kosa la upande wa pili. Mtu akishasikia maneno yana umuhimu, anayarundika: hiliki Tanga hiliki bora Tanga nunua hiliki Tanga. Wengine huyaandika kwa rangi nyeupe juu ya weupe ili mgeni asiyaone. Google inalihesabu hilo kuwa ulaghai, na ukurasa unaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Na lile kasha la maneno muhimu ambalo baadhi ya mafundi bado hutoza fedha kulijaza nyuma ya pazia la ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii katika kupanga matokeo. Miaka yote hiyo, na bado linauzwa.

Lugha nayo ina mkanganyiko wake. Nimesikia watu wazima wakisema Google haielewi Kiswahili, kwa hiyo tovuti lazima iwe ya Kiingereza. Si kweli. Inakisoma, na mimi naona hapo ndipo penye nafasi yetu, maana kurasa zinazoeleza mambo ya biashara kwa Kiswahili safi bado ni chache, na palipo na wachache hakuna msongamano wa kupita. Swali la kujiuliza ni mteja wako anauliza kwa lugha gani. Wa mama ni Waswahili. Wa yule mwenye nyumba ya wageni Raskazone ni mchanganyiko: wafanyabiashara wa Dar na Arusha, na watalii wanaotaka kuyaona Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini mwa jiji, au wanaopumzika kabla ya kwenda Pangani. Huyo afanye kurasa mbili zilizotengana, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kila moja na anwani yake. Asichanganye lugha mbili ndani ya ukurasa mmoja, na asitegemee kile kitufe cha kutafsiri papo hapo, kwa sababu mara nyingi tafsiri yake hutokea kwenye skrini ya mgeni tu na roboti haikuti.

Ramani, kabla hata ya tovuti

Fundi makabati wa Chumbageni hana tovuti kabisa. Nilimwambia asihangaike nayo kwanza, aanze na ramani. Ukitafuta "fundi makabati" ukiwa Tanga, Google huweza kukuonyesha ramani yenye majina ya karibu yako kabla ya orodha ya kurasa. Majina hayo hutoka kwenye Google Business Profile, usajili wa bure ambao mwenye biashara anaufungua, anathibitisha kwamba ni yake, kisha anajaza: jina, aina ya biashara, simu, saa za kufungua, picha, mahali.

Google inaeleza kwamba majina ya ramani hupangwa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyoendana na swali, umbali wake na anayetafuta, na jinsi inavyojulikana. Umbali huwezi kuubadilisha. Mawili mengine unayaweza, kwa kujaza taarifa zote na kuzipata sifa za kweli.

Jina liandikwe lilivyo kibaoni. Ukiandika "Fundi Bora wa Makabati Vitanda Milango Tanga Bei Nafuu" kama ndilo jina, umevunja kanuni na usajili unaweza kusimamishwa. Saa zisisahaulike mwezi wa Ramadhani, zinapobadilika. Na anwani: sisi tumezoea kuelekezana kwa "nyuma ya msikiti, ulizia", lakini tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 barabara nyingi zina majina na nyumba zina namba. Andika namba hiyo, halafu ongeza alama ya mtaani wanayoijua bodaboda. Simu na jina viwe vilevile kila mahali ulipojiandikisha.

Maoni ya wateja yana uzito mkubwa. Mwombe mteja aliyeridhika aandike, siku ileile anapopokea kabati lake, na umjibu kila anayeandika, hasa aliyelalamika. Usinunue maoni, wala usimpe mtu punguzo ili aandike mazuri. Kanuni zinakataza, na watu wa mji mdogo hutambuana.

Bando la mteja

Wateja wetu wanaingia mtandaoni kwa simu, na bando lina mwisho. Google nayo siku hizi huisoma tovuti kwa sura yake ya simu. Tovuti inayolazimisha kuvuta skrini kwa vidole viwili ili usome bei inajiumiza mara mbili.

Uzito mara nyingi uko kwenye picha. Picha moja ya simu ya kisasa hufika megabaiti 4 au 5. Ziweke kumi kwenye ukurasa mmoja, na umemwambia mteja atumie megabaiti 40 kukuona. Punguza upana wake uwe kama pikseli 1,200, na picha itashuka chini ya kilobaiti 300 bila jicho kuona tofauti. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Kisha andika maelezo mafupi ya kila picha katika sehemu yake, kwa mfano "mdalasini wa magome, fungu la robo kilo", kwa sababu yanamsaidia asiyeona anayesomewa na simu, na yanaisaidia injini kujua picha ni ya nini.

Sifa za kijiweni

Turudi kwa dereva wetu. Kati ya nyumba kumi za wageni anazozijua, mbona anaanza na ile moja? Mara nyingi ni kwa sababu amesikia watu wa kuaminika wakiisifu. Google ilizaliwa juu ya wazo hilohilo. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliianzisha kampuni mwaka 1998 wakiwa na njia ya kupima kurasa kwa viungo vinavyoelekea kwake kutoka kurasa nyingine, kama msomi anavyopimwa kwa wanaomnukuu. Kiungo kutoka ukurasa unaoaminika kina uzito kuliko mia kutoka vichochoroni.

Ndiyo maana viungo vikawa biashara. Kuna wanaouza "viungo 500 kwa elfu hamsini", vinavyotoka kwenye tovuti zisizosomwa na mtu yeyote. Ni sawa na kuwalipa watoto kumi wasimame Kange wakipayuka jina la duka lako. Dereva anawaona. Mwaka 2012 Google ilitoa mabadiliko yaliyopewa jina la Penguin, yaliyolenga hasa ujanja huo, na tovuti nyingi zilianguka. Kwa mama, kiungo cha kweli ni hoteli inayonunua kwake ikitaja kwenye ukurasa wake wa chakula kwamba bizari ya pilau inatoka dukani kwake. Kimoja hicho, kwa kuomba kwa adabu, bila hela.

Siku hizi swali linalofuata ni la akili mnemba: Google ikianza kujibu yenyewe juu ya ukurasa, tovuti ina kazi gani? Majibu hayo huokota habari kutoka kurasa za watu, na Google inasema hakuna alama maalumu inayohitajika ili uchukuliwe, ni misingi ileile. Ninachokiona mimi ni kwamba taarifa za jumla zitajibiwa bila mtu kubofya, lakini bei yako ya leo na mzigo wako wa kesho havijulikani na mwingine yeyote usipoviandika wewe.

Na kabla hujamlipa mtu yeyote, hakikisha jambo hili moja: anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina la nani? Nimeshaona mwenye duka akigombana na fundi, na fundi akaondoka na anwani, kwa kuwa ilikuwa kwa jina lake. Barua pepe iliyotumika iwe yako, nywila iwe yako.

Baada ya marekebisho ni kusubiri. Mengine huonekana kwa saa chache, mengine kwa miezi. Google hushauri upe wiki kadhaa kabla hujaamua kama yamefaa. Usijipime kwa kutafuta jina lako mwenyewe kwenye simu yako, maana mahali ulipo na ulichozoea kufungua huweza kubadilisha unachokiona. Tumia Google Search Console, chombo cha bure kinachokuonyesha watu waliandika maneno gani ukatokea, ukiwa nafasi ya ngapi, na wangapi walibofya. Kinakuonyesha pia kurasa zilizokataliwa na sababu yake. Laiti yule mama angefunguliwa chombo hiki siku ya kwanza, ile tiki ingeonekana mwezi uleule.

Nilirudi kwake baada ya wiki sita. Namba moja hakuwa, na kwa maneno mengi bado yuko mbali. Ila "bizari ya pilau Tanga" alikuwa ukurasa wa kwanza, na alikuwa amepokea oda mbili za Dar kutoka kwa watu asiowajua. Tukafungua orodha ya maneno kwenye Search Console, nikamsomea moja moja. Tulipofika "mchaichai mkavu kilo" akanisimamisha. Neno hilo kwenye tovuti tulilitaja mara moja tu, kwa kupita, ndani ya sentensi ya vitu vingine.

"Anayeuliza yuko wapi?" akasema. "Nina gunia zima ndani."

Akamwita kijana wake alilete mlangoni, penye mwanga, nilipige picha.